Uzoefu wangu Iona: nyumba ya mchungaji iliyogeuzwa makumbusho

Nimelelewa PCEA, Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, na baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Kila Jumamosi nilitumwa kupeleka maziwa manse, ndivyo tunavyoiita nyumba ya mchungaji. Neno hilo tuliletewa na wamishenari wa Uskoti. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kwenda kisiwa cha Iona, magharibi mwa Uskoti, sikutaka kuona abasia, kanisa la kale la watawa, peke yake. Nilitaka kuingia manse ya zamani, iliyojengwa 1828, ambayo leo ni Iona Heritage Centre, makumbusho ya maisha ya wenyeji.

Safari ni ndefu: feri kutoka Oban hadi Craignure, basi la zaidi ya saa nzima kuvuka kisiwa cha Mull hadi Fionnphort, kisha feri ndogo ya dakika kama kumi. Wageni huacha magari ng'ambo, kwa hiyo Iona unatembea kwa miguu. Mwongoza watalii wetu alitupa saa mbili tu kisiwani, na hilo liliniudhi sana. Wenzangu karibu wote walielekea moja kwa moja abasia. Mimi nilisimama njiani.

Usitarajie jumba. Ni nyumba ya mawe isiyo na makuu, jirani na kanisa la parokia, na vyote viwili ni vya mpango mmoja. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilitenga pauni 50,000 za kujenga makanisa katika Nyanda za Juu za Uskoti na visiwani, kwa sababu parokia za huko zilikuwa kubwa mno na watu walikuwa wakiishi mbali na ibada. Kazi alipewa mhandisi Thomas Telford, yule wa madaraja na mifereji. Kanisa na nyumba ya mchungaji kwa pamoja visizidi pauni 1,500. Ndiyo maana ramani zilikuwa chache na zikarudiwa huku na huko: makanisa 32 na nyumba za wachungaji 43. Nyumba zilikuwa za aina mbili tu, ya chini na ya ghorofa. Ukishaijua moja, utazitambua dada zake ukisafiri Uskoti kaskazini. Mimi naona uzuri katika ubahili huo: hakuna pambo la bure, vipimo vimekaa sawa, na baada ya karibu miaka 200 nyumba bado inatumika.

Ndani kuna habari za wakulima wadogo, wavuvi na machimbo ya marumaru ya kisiwani. Zimepangwa vizuri na kwa upendo. Lakini kilichonishika ni nyumba yenyewe, kwa sababu nilijua kilichotokea 1843. Wakati ule mwenye ardhi alikuwa na haki ya kuwachagulia waumini mchungaji, hata wakimkataa. Tarehe 18 Mei mwaka huo, mjini Edinburgh, wachungaji walitoka katika mkutano mkuu wa kanisa na kuanzisha Kanisa Huru. Waliotia saini kuacha nafasi zao walikuwa 474. Kuacha nafasi maana yake ilikuwa kuacha mshahara, shamba la kanisa, na paa la nyumba.

Mchungaji wa Iona, Donald McVean, alikuwa mmoja wao. Mwanawe Colin, aliyezaliwa kisiwani 1838 na baadaye akawa mpima ardhi Japani, alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi. Nilisimama mlangoni nikimfikiria mama wa watoto akikunja shuka, hajui watalala wapi majira ya baridi. Nilikumbuka jinsi mama zetu walivyofua mapazia ya manse kila mchungaji alipohamishwa. Kwetu anayehama anajua kuna manse nyingine inamngoja. Yeye hakuwa nayo.

Bustani ni tulivu na chai inapatikana, ingawa upepo ni mkali hata Juni, kwa hiyo beba sweta nzito. Makumbusho hufungwa msimu wa baridi. Hakikisha kabla ya kusafiri. Ukiweza, lala kisiwani usiku mmoja. Feri ya mwisho ikishaondoa wageni wa mchana, utapata nafasi ya kutembea kutoka manse hadi kanisani, hatua chache tu, bila mtu wa kukuita urudi kwenye basi.