Choo kinachovuja kimya kimya: ununue kifaa gani Mombasa

Mpira wa chini kwenye tangi la choo ukilika, maji hupita bakulini usiku kucha. Mamia ya lita kwa siku yanaweza kupotea hivyo, na sakafu i kavu. Mwenye jumba la ghorofa Tudor au Bamburi hushtuka tu anapoita bowsa mara ya pili wiki hiyo hiyo.

Una choo kimoja? Usinunue kitu. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, ngoja robo saa bila kuvuta maji. Rangi ikitokea bakulini, ita fundi. Vifaa hivi vya kugundua uvujaji ni vya mwenye fleti ishirini.

Ninachokiweka mbele ni kihisi cha kina cha maji kwenye tangi la juu. Maji ya mfereji hapa huja kwa mgao, kwa hiyo majumba mengi hupampu juu kwanza ndipo yateremke. Kifaa hupima kina kila baada ya dakika chache na kukutumia kwenye simu. Angalia saa nane hadi saa kumi usiku, pampu ikiwa imezimwa: mstari wa kina kwenye simu ukishuka bila kukoma, yaelekea kuna choo kinavuja. Tangi la duara lenye upana wa mita 1.8 likishuka sentimita 1, hizo ni lita 25 hivi. (Ramadhani tazama mapema zaidi, kabla watu hawajaamka kula daku.) Na kama jengo lina tangi la pili la maji ya chumvi kwa ajili ya vyoo tu, kifunge hapo, chagua kinachopima kwa mawimbi ya sauti, kinachoning'inia bila kugusa maji. Kasoro yake ni kwamba hakikwambii ni fleti gani.

Hilo utaambiwa na mita ya kidijitali ya kila fleti, ambayo naipa nafasi ya pili kwa sababu ya gharama. Ifungwe baada ya tangi la juu, maana mgao ukirudi, hewa ya kwenye bomba huzungusha mita ya gurudumu bure. Muulize muuzaji kiwango cha chini kabisa inachosoma. Maji membamba ya choo huweza kupita bila gurudumu kusogea. Mita inayopima kwa mawimbi ya sauti, isiyo na gurudumu, hainaswi na hayo, ila bei yake utaisikia.

Vya kufunga kwenye paipu ya kila choo ni vya tatu. Betri ishirini za kubadilisha, nani atazikumbuka?

Mwisho kabisa ni vile vidude vya sakafuni vinavyolia vikiguswa na maji. Choo chetu ndicho bafu, na watu wanatawadha humo mara tano kwa siku. Kitalia hadi mpangaji akitupe dirishani, na ule uvujaji wa bakulini hakitauona kamwe.

Kabla ya kulipa, panda na simu hadi kwenye tangi uone kama waifai inafika. Zege ya paa huikata vibaya.