Kozi ya furaha ya Laurie Santos, kwa macho ya muuguzi wa zamu za usiku

Nimemaliza kozi ya Laurie Santos kuhusu sayansi ya ustawi, ile ya Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani iliyoko Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni. Nilisoma bila kulipa. Cheti ndicho kilichokuwa kikiuzwa.

Santos hakuanza na furaha ya watu. Kwa miaka mingi alichunguza akili za kima, wakiwamo wa kisiwa cha Cayo Santiago huko Puerto Rico, kisha mbwa. Alipopewa ulezi wa wanafunzi wanaoishi Silliman, moja ya makazi ya chuo, akaona walivyoelemewa na msongo wa mawazo. Mwaka 2018 akafungua somo la furaha, wakajiandikisha wapatao 1,200, karibu robo ya wanafunzi wote wa shahada ya kwanza. Kozi hii imetokana na somo hilo. Ameirekodi nyumbani kwake, wanafunzi wachache wamekaa mbele yake, ndiyo maana anaongea bila kuhutubia.

Uzito wake uko kwenye mazoezi. Lile la barua ya shukrani nilimwandikia shangazi aliyenilipia ada ya uuguzi, nikapanda basi hadi Muheza kumsomea. Hakusema kitu. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaniambia nirudie ukurasa wa pili.

Zoezi la usingizi ndilo lililonishinda. Linataka muda wa saa saba au zaidi, na mimi nikitoka zamu asubuhi jirani yangu anaanza kuchomelea mageti. Watu wa zamu tulihitaji sehemu yetu.

Kuhusu pesa, sikiliza kwa makini. Utafiti wa mwanasaikolojia Kahneman na mchumi Deaton wa 2010 ulihusu Wamarekani: hisia njema za kila siku hazikuendelea kupanda kipato kilipopita kama dola 75,000 kwa mwaka. Chini ya hapo pesa inasaidia, na sisi wauguzi tuko chini mno. Asikwambie mtu kwamba mshahara hauna maana! Ila suala la kutoa kwa ajili ya wengine naliamini kabisa, maana mwanasaikolojia Lara Aknin na wenzake walilipima Kanada na Uganda, wakachapisha 2013, na kote kutoa kuliendana na furaha.

Kama bando ni tatizo, programu ya simu ya Coursera inaruhusu kupakua video ukiwa kwenye Wi-Fi. Mimi nazisikiliza kwenye daladala.