Njia ya Igombe hadi Kayenze tamu, kiongozi wake mchungu

Nilisema nitanyamaza, lakini kila nikikumbuka napandwa na hasira upya. Ni ile safari ya wanaoanza kuendesha foo-wili, yaani gari linalosukumwa na matairi yote manne, ya kutoka Igombe hapa Mwanza kufuata Ziwa Victoria kuelekea Kayenze. Waandaaji siwataji, wenyewe watajijua.

Njia yenyewe haina ubaya. Vumbi, yale mawe yetu makubwa unayakwepa pembeni, kidimbwi kisichofika hata nusu ya tairi, halafu mchanga. Hapo mchangani, jirani na kina mama walioanika dagaa, ndipo Escudo yangu ilipokwama.

Kiongozi akaja mbio, akaupita mlango wangu, akazunguka upande wa pili kwa mdogo wangu. "Braza, shika usukani wewe, dada apumzike." Mdogo wangu hana hata leseni! Gari langu, mafuta yangu, hela nimelipa mimi. Nikamwambia, kaka, tupunguze upepo. Tairi ikiwa na upepo wa psi 35 mchangani inachimba tu. Ukishusha mpaka 20 hivi inatanuka, inakanyaga juu. Akacheka: "Dada, haya mambo siyo ya kwenye simu. Kanyaga mafuta!"

Haya, nikakanyaga. Matairi yakazama mpaka difu, lile bonge la gia kati ya matairi chini ya gari, ikalala mchangani, klachi ikaanza kunuka.

Mama mmoja akaacha dagaa wake akaja. "Mwanangu, wenye magari ya samaki hapa wanatoa upepo kwanza." Wabeja, mayu! Asante, mama, kwa Kisukuma. Nikabonyeza vali kwa ncha ya ufunguo, moja baada ya nyingine, vijana wakafukua mchanga mbele ya matairi, nikaweka 4L, ile foo-wili ya mwendo mdogo wenye nguvu, gia ya pili, mguu mwepesi. Gari likatoka taratibu kabisa. Na yule bwana, mbele ya watu wote: "Si nilikuambia?"

Pampu yao sasa, ya kurudishia upepo, mbovu. Nimerudi Igombe na matairi yamelegea, kila jiwe nalisikia kwenye rimu.

Nilipoanza kuandika nilipanga nyota tatu, maana mgeni wa foo-wili hapa atajifunza kweli, na upepo wa ziwa unapendeza. Labda mbili. Hapana, moja, nayo ni ya mchanga. Nendeni wenyewe, magari mawili, kamba ya kuvutia na pampu yenu.

Jioni wakanitumia ujumbe: elfu thelathini, "gharama ya kuokolewa". Sijalipa na silipi.