Tahadhari: Muuzaji wa "leseni za maisha" amenifungia kazi ya miaka sita

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na nimeona heri niaibike mimi kuliko kunyamaza huku yule mtu akiendelea kuwatafuta wengine. Mnaoifahamu ile kazi ya kupanga kurasa za kitabu alichokiandika mzee tunayemwita Mwalimu, ambayo mmenisikia nikiihangaikia tangu mwaka jana, jueni kwamba haifunguki tena. Imefungwa pamoja na majalada, picha, mikataba na karibu kila nilichokitengeneza kwa miaka sita, na aliyenifungia ni mtu niliyemlipa mwenyewe na kumshukuru.

Mnajua kompyuta yangu mpya ilikuja tupu. Nilihitaji programu ya kupanga kurasa, na malipo ya leseni halali ya kila mwezi yalinishinda kwa sababu kuna miezi ambayo sipati kazi hata moja. Mwenzetu mmoja wa kazini akanielekeza kwa mtu anayeuza "leseni za maisha", yaani krak, programu zilizovunjwa kufuli ya leseni ambazo unalipia mara moja tu, akisema kwamba yeye amemtumia na hajapata tatizo lolote. Nilimwandikia, akajibu kwa heshima, hakunisukuma, wala hakutaka malipo yote mbele. Alipokea nusu na kusema nyingine nitatoa programu ikishafunguka. Zaidi ya hayo, aliijua kazi yetu. Aliniuliza kama ninapanga riwaya au vitabu vya shule, akazungumzia fonti na ukingo wa ziada unaokatwa kiwandani. Tapeli ninayemfikiria mimi ni mtu wa haraka na maneno mengi, na huyu hakuwa hivyo. Ndiyo maana nilimwamini.

Jioni ile alinitumia kiungo cha kupakua faili lililobanwa, lililofungwa kwa nywila ya tarakimu nne ambayo aliniandikia kwenye ujumbe. Nilipolifungua, kinga ya virusi ya Windows ikatoa onyo na kuliondoa faili papo hapo. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa utulivu kabisa: "Dada yangu, usiwe na wasiwasi, hiyo ni kawaida. Kinga huziona krak zote kuwa virusi kwa sababu kampuni ndizo zinazotaka hivyo. Zima kwa dakika tano tu, kisha utawasha." Baada ya hapo akanitumia picha nne zilizochorwa mishale myekundu: hapa ingia kwenye mipangilio, hapa zima ulinzi, hapa iweke folda nzima kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa, hapa endesha programu kwa mamlaka ya msimamizi. Nikafuata mshale mmoja baada ya mwingine. Kompyuta ikaniuliza kwa mara ya mwisho kama ninairuhusu programu ya mtengenezaji asiyejulikana ifanye mabadiliko. Nakumbuka kidole changu kilivyosita juu ya kipanya, na nakumbuka ujumbe wake ulivyoingia kwenye simu wakati huohuo: "Bonyeza Ndiyo." Nikabonyeza.

Programu ilifunguka vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nikamlipa nusu iliyobaki na kumtakia heri katika biashara yake. Baada ya muda likatokea dirisha dogo linalosema Windows inajisasisha, lenye asilimia zinazopanda taratibu, nami nikaliacha limalize kazi yake nikaenda kulala. Diski ya nje, ambayo ndiyo iliyokuwa na nakala zangu za akiba, ilikuwa bado imechomekwa.

Asubuhi kila faili lilikuwa limeongezwa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina lake. Sura ya kwanza ya Mwalimu haikufunguka, wala ya pili. Katika kila folda, hata zile za diski ya nje, kulikuwa na faili jipya lililoitwa _readme.txt, na ndani yake Kiingereza cha adabu kikinieleza kwamba nikilipa dola 980 nitapewa ufunguo, na nikiwasiliana nao ndani ya saa 72 nitalipa dola 490 tu. Walijitolea hata kunifungulia faili moja bure, ili nione kwamba ni watu wa kuaminika.

Fundi niliyempelekea alitambua mara moja kwamba hicho ni kirusi cha ukoo unaoitwa STOP, au Djvu, ambao upo tangu 2018 na ambao njia yake kuu ya kuenea ni hizihizi krak na programu za kutengeneza namba za leseni. Lile dirisha la kujisasisha lilikuwa la uongo, limewekwa ili mtu asishtuke anaposikia diski ikifanya kazi usiku. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Emsisoft ilitoa kifunguzi cha bure Oktoba 2019, na kimewasaidia wengi wenye matoleo ya zamani. Lakini kirusi changu ni cha toleo jipya na kilifanikiwa kuwasiliana na mashine ya wezi kupitia intaneti kikapewa ufunguo wa pekee, kwa hiyo kwangu kifunguzi hicho hakikufua dafu.

Nilidhani msiba umeishia hapo. Fundi akanieleza kwamba kirusi hiki mara nyingi huja na mwenzake, mwizi wa taarifa, ambaye hukusanya nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vile vibali vinavyoiambia tovuti kwamba umeshaingia. Mwenye vibali hivyo huingia kwenye akaunti yako bila kuulizwa msimbo wa simu. Siku tatu baadaye wateja wangu walianza kupokea barua pepe kutoka kwangu zikiwaomba walipie kazi kwenye akaunti wasiyoijua. Mmoja alilipa. Huyo hakununua krak yoyote. Kosa lake ni kuniamini mimi.

Mwalimu naye aliniuliza swali moja tu kuhusu programu yenyewe: "Kwani ilikuwa ya nani?" Sikuwa na jibu. Mara ngapi nimelalamika mbele yenu jalada langu linaponakiliwa bila malipo? Nilijiambia kwamba waliotengeneza programu ile ni matajiri na hawatapungukiwa, na sasa naona kwamba hapo ndipo muuzaji aliponikamatia. Kwa kuwa nilijua ninanunua kitu kilichoibwa, sikushangaa chochote. Faili lenye nywila niliona ni kujificha tu, na kinga kupiga kelele niliona ni lazima. Ningekuwa nimenunua programu halali na muuzaji akaniambia nizime kinga, ningemkimbia.

Mnaniuliza dalili zilikuwa zipi. Hizo ndizo: faili lililofungwa kwa nywila ili lisikaguliwe njiani, na agizo la kuzima kinga. Fundi ameongeza kwamba faili la kusakinisha lilikuwa limejazwa sifuri tupu likawa kubwa kupita kiasi, kwa sababu vikaguzi vingi huruka mafaili makubwa, na kwamba jina la akaunti ya muuzaji hubadilika mara kwa mara. Bei haikunishtua. Kumbe kuna soko ambamo msambazaji hulipwa kwa kila kompyuta anayoiambukiza, na pesa yangu ilikuwa nyongeza tu. Kwa sasa ninapanga upya sura za Mwalimu kwa Scribus, programu ya kupanga kurasa ambayo ni ya bure na ya halali, na ambayo ilikuwepo siku zote nilipokuwa nikitafuta krak.

Nataka mtu huyu akamatwe. Nataka asimame mahakamani asikilize mzee wa miaka sabini na minne akieleza alivyoandika kitabu kile kwa mkono, na nataka arudishe kila senti aliyochukua kwa mteja wangu kabla hata ya kuzungumzia hasara yangu. Nimekwisha kupeleka malalamiko polisi, na nimekiri huko kwamba nilinunua programu ya uharamia, maana bila kukiri hilo maelezo yangu yasingeeleweka.

Yeyote aliyesakinishiwa kitu na mtu wa mishale myekundu, tafadhali chomoa intaneti kwenye kompyuta hiyo leo, kisha tumia kifaa kingine kubadilisha nywila zako ukianza na ya barua pepe, na uamuru akaunti zako zitoke kwenye vifaa vyote. Usimlipe mtu. Usifute ujumbe wake wa sauti wala zile picha nne; nitumieni, kwa sababu mpelelezi ameniambia kwamba ujumbe mmoja wa sauti hautoshi.