Kununua kichwa cha semi kilichotumika: anza na injini, rangi baadaye

Mwenye malori matatu hana nafasi ya kubahatisha. Kampuni yenye malori mia ikinunua bovu moja, yale tisini na tisa yanalibeba. Kwako likilala moja, theluthi ya kipato imelala nalo, na mkopo hauulizi kama lori liko barabarani au gereji. Ndiyo maana sipangi vichwa hivi kwa uzuri wa kebini wala kwa hosipawa. Nauliza jambo moja tu: injini ikisumbua leo usiku, kesho asubuhi utapata spea, na fundi anayeijua?

Lakini kabla ya majina, kuna dizeli unayojaza. Malori ya Marekani yaliyotengenezwa kuanzia injini za 2007 yana chujio la masizi kwenye ekzosi, lile mafundi wanaloliita DPF. Kuanzia kiwango cha moshi cha 2010, karibu yote yakaongezewa mfumo wa AdBlue, kimiminika cha urea cha kusafisha moshi, ambacho Wamarekani wanakiita DEF. Euro 6, kiwango cha moshi cha Ulaya kilichoanza kuyabana malori mapya mwaka 2013 (Euro 3 na 5 ni vya zamani zaidi), nayo inataka vyote viwili. Mifumo hii iliundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni kwa Marekani, na 10 kwa Ulaya. Ijaze dizeli chafu uone: chujio linaziba, sensa zinakufa moja baada ya nyingine, kisha kompyuta inakata nguvu na lori linatambaa na mzigo wa watu mgongoni. Kuufuta mfumo wenyewe ni kosa kisheria katika nchi nyingi, na aliyeufuta kienyeji mara nyingi ameacha waya zinaning'inia.

Kwa hiyo, kama dizeli yako si ya kuaminika na AdBlue huipati popote, tafuta Euro 3 au la Marekani la kabla ya 2007, hata kama ni kuukuu. Euro 5 iko katikati: mengi yanataka AdBlue ila hayana DPF. Orodha inayofuata inachukulia kwamba dizeli yako ni safi. Kama si safi, rukia nafasi ya nne, ndiyo ya kwanza kwako.

Nafasi ya kwanza: Cummins ISX15 ya kuanzia 2010, na X15 iliyoirithi. Nguvu inayo, lakini hiyo si sababu. Sababu ni kwamba Cummins hatengenezi malori. Injini yake utaikuta ndani ya Kenworth, Peterbilt, Freightliner, International, hata Volvo za Marekani. Unaweza kuwa na vichwa vya majina matatu tofauti na bado ukawa na filta za aina moja stoo, skana moja na fundi mmoja. Kwa mwenye malori machache hilo lina thamani kuliko kuvuta mlima kwa gia moja zaidi. Tahadhari yake iko kwenye ISX za kabla ya 2010. Zile zina kemshafti mbili juu, moja ya valvu na moja ya kusukuma nozo, na hiyo ya nozo ina sifa mbaya ya kuliwa. Ukiuziwa ya 2008, omba kava ya valvu ifunguliwe, pitisha kidole juu ya kila nundu ya kemshafti. Ukihisi mkwaruzo au kijishimo, rudisha mkono mfukoni. Toleo la 2010 lilipokuja na komoni reli, yaani bomba moja la dizeli yenye presha linalolisha nozo zote, kemshafti ile ya pili ikaondoka.

Ya pili: Detroit DD15 na DD13, kwa kawaida ndani ya Freightliner Cascadia. Hizi ni bahili wa dizeli. Tofauti ya lita 5 kwa kila kilomita 100 inaonekana ndogo, lakini kwa lori linalokwenda kilomita 120,000 kwa mwaka ni lita 6,000. Kingine ni kwamba kampuni kubwa huziuza kwa mkupuo zikiwa na karatasi zote za sevisi, kitu ambacho ni nadra kwa lori lililopita mikono mitano. DD15 za mwanzo zina mtambo wa ziada wa kuvuna nguvu ya moshi na kuirudisha kwenye krenki. Unasaidia kubana dizeli, ila ni kifaa kimoja zaidi cha kuharibika, kwa hiyo kati ya mbili zilizo sawa chukua ile isiyo nao. DD13 ni ukoo mmoja na OM471 ya Mercedes Actros mpya, basi fundi wa Actros hataishangaa.

Ya tatu: Scania ya lita 13 na Volvo D13. Scania ina jambo moja ninalolipenda sana: kwa zile za kabla ya toleo la Super la 2021, kila silinda ina hedi yake. Gasketi ikiungua silinda ya nne, unafungua hedi moja, si sita, na jioni lori linaweza kuondoka. Volvo D13, iliyoingia kwenye FH mwaka 2005 na ambayo msingi wake ndio huohuo wa Mack MP8, ina hedi moja ndefu, lakini inasifika kwa matumizi ya dizeli na kwa giaboksi ya I-Shift, inayojibadilisha gia yenyewe. Nimezishusha hapa kwa sababu moja tu, ukishaingia umeingia. Spea nyingi na programu ya kompyuta ni za kiwanda chenyewe, na gereji ndogo nyingi hazina. Kama karibu yako kuna fundi aliyezisomea, zipandishe juu.

Paccar MX-13, ndugu wa ile ya DAF XF, ningeiweka hapohapo chini kidogo. Sina ugomvi nayo.

Ya nne: Detroit Series 60, ile ya lita 12.7. Ilitoka 1987 ikiwa injini ya kwanza ya lori zito kuendeshwa kikamilifu na kompyuta, na utengenezaji wake ukakoma 2011. Mafundi wanaijua gizani. Tafuta ya kabla ya EGR (mfumo wa kurudisha moshi ndani ya injini), yaani isiyovuka mwanzo wa miaka ya 2000. Shida si injini, ni lori linaloizunguka: waya zilizokauka, chesi iliyoliwa na kutu, kebini inayovuja. Kagua hivyo kwa ukali kuliko injini yenyewe.

Ya tano: Caterpillar C15. Najua hapa nitagombana na wengi. Mlio wake, mvuto wake, sifa zake, vyote ni kweli. Lakini Caterpillar aliacha kuuza injini za malori ya barabarani kiwango cha 2010 kilipofika, kwa hiyo hakuna C15 ya barabarani iliyo changa. Inakunywa, spea zake hazina huruma, na muuzaji anakutoza jina. Wapenzi wake wanatafuta zenye namba inayoanza na 6NZ, za tabo (tabochaja) moja. Zilizofuata, za ACERT, mfumo wa Caterpillar wa kupunguza moshi, zina tabo mbili na joto zaidi. Kama kazi yako ni mizigo mizito kupita kawaida na una fundi wa Cat nyumbani, sawa. Vinginevyo mwachie mwenzako.

Mwisho kabisa: MaxxForce 13. Ukiona International safi, ya miaka ya 2010 hadi 2012, bei iko chini ajabu, fungua boneti utaikuta. Navistar, mtengenezaji wa International, alijaribu kutimiza kiwango cha 2010 bila AdBlue, kwa kurudisha moshi mwingi ndani ya injini. Joto likazidi, vipoza vya EGR vikafa, na 2012 mwenyewe akaachana na njia hiyo akachukua mfumo wa Cummins. Wateja nao wakaenda mahakamani. Hata ya bure ina gharama.

Sasa ukaguzi. Fika injini ikiwa baridi. Iguse, kama ina vuguvugu, mwenye mali ameiwasha mapema na huenda kuna anachoficha, mwambie utarudi kesho. Mwambie mtu aiwashe, wewe ukiwa nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu usiokata ni oili inayoungua. Mweupe usioisha hata ikipata moto ni maji au nozo.

Ikishapata moto, iache sailensa, yaani iunguruma polepole bila kukanyagwa, fungua kifuniko cha kujazia oili, kigeuze na ukiweke juu ya tundu bila kukikaza. Mvuke mwepesi ni kawaida. Kikianza kucheza, au kikirushwa na moshi unatoka kwa mapigo, mara nyingi ringi na slivu zimekwisha, na hapo mnazungumza bei ya injini ya kufunguliwa. Chukua pia chupa ndogo ya oili uipeleke maabara, mradi haikubadilishwa juzi. Sodiamu inasema maji yameingia, risasi na shaba zinasema beringi zinaliwa, na silikoni ni vumbi lililopita filta ya hewa.

Kisha kompyuta. Usiangalie kilomita peke yake, angalia na saa ambazo injini imefanya kazi. Kilomita 900,000 kwa saa 15,000 ni wastani wa 60 kwa saa, hilo limeishi barabarani. Kilomita hizohizo kwa saa 28,000 ni 32, maana yake limelala likiunguruma usiku mwingi. Dashibodi hubadilishwa kirahisi. Saa za injini si rahisi hivyo. Na ukikuta hakuna kosa hata moja kwenye kumbukumbu, huenda yamefutwa jana. Liendeshe na mzigo, kama yapo makosa yatarudi yenyewe.

Giaboksi: Eaton Fuller ya mkono au ya kujiendesha, zote sawa, ila malori yako yote yawe ya aina moja. Difu isilie, na sahani ya kushikia tela isicheze ukiitikisa na nondo.

Lipo swali la injini ya mtumba, pale yako inapokufa. Kama bloku ni nzima, fungua ulichonacho: injini hizi hubadilishiwa slivu, pistoni na beringi zikiwa palepale kwenye chesi, na unajua historia yake. Mtumba nunua pale tu injini imenoki mpaka konrodi ikatoboa bloku. Dai ije na kompyuta yake na waya zake. Kwa Cummins, linganisha namba ya CPL (namba ya orodha ya sehemu za ndani) kwenye kibati na ya injini yako, kwa sababu ISX mbili zinazofanana kwa macho huweza kuwa na pistoni na nozo tofauti. Na kabla hujalipa, sampu ishushwe, beringi mbili zitolewe, uzione mwenyewe. Muuzaji akikataa, usilipe.