Janikowski na Aguayo: nani alichukuliwa mapema mno?

Wote wawili walitoka chuo cha Florida State, na wote kazi yao ilikuwa moja: kuupiga mpira kwa mguu upite katikati ya nguzo. Katika drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ambapo timu huchagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, wapigaji wa namna hii kwa kawaida husubiri raundi za mwisho, na wengi hawachaguliwi kabisa.

Mwaka 2000 timu ya Raiders ilimchukua Sebastian Janikowski, mzaliwa wa Poland, akiwa wa 17, raundi ya kwanza. Watu walicheka. Lakini jamaa alikaa nao hadi 2017, akawafungia pointi 1,799, na mwaka 2011 akapachika mpira kutoka yadi 63 kule Denver.

Roberto Aguayo alikuwa wa 59 mwaka 2016. Timu ya Buccaneers iliwapa wenzao wa Chiefs nafasi zake mbili za kuchagua, ya 74 na ya 106, ili impate kwa nafasi yao hiyo ya 59. Msimu wa kwanza alifunga mipigo 22 kati ya 31. Agosti 2017 wakamwacha.

Ukitazama namba tupu, 17 ni mapema kuliko 59. Mimi naona Aguayo ndiye aliyewahishwa, maana nafasi mbili zimeteketea kwa msimu mmoja.

Hata hivyo Janikowski simsafishi kabisa. Shaun Alexander, mchezaji wa kukimbia na mpira aliyechukuliwa wa 19 na timu ya Seattle, alikuwa bado yupo mezani, na mwaka 2005 akawa mchezaji bora wa ligi nzima.