Shokapu za gari la zamani Arusha na Moshi: zipi ununue, zipi uziache dukani

Gari likivuka tuta halafu likaendelea kunesa, pua ikizama kila ukifunga breki, au tairi zikiliwa mabonde mabonde, shokapu zimekwisha. Ukikuta oili imetapakaa kwenye shokapu yenyewe, huna haja ya kupima zaidi.

Nazungumzia Corolla, Premio au Mark II ya zamani: gari la kazini siku za wiki na la kupandisha Kibosho Jumapili.

Chaguo la kwanza kwangu ni KYB mpya za gesi. Kampuni hii ya Japani huviuzia hata viwanda vya magari, Toyota ikiwemo. Naitrojeni iliyomo ndani hupunguza povu kwenye oili, na hapo ndipo faida ilipo: ukipiga barabara ya vumbi yenye mawimbi kwa muda mrefu, oili hupata moto, ikitoa povu shokapu inalegea ukiwa njiani. Kwa kuwa jina lake linauza, feki nazo zipo. Nunua kwa namba. Mpe muuzaji namba ya chasisi, kisha linganisha shokapu anayokupa na namba ya kipuri ya Toyota: ya mbele kulia huanza na 48510, kushoto 48520.

La pili ni za Toyota zenyewe. Ni nzuri, ila ni ghali, na kwenye gari la umri huu tofauti ya bei ni afadhali uinunulie maunti mpya (vishikio vya juu vya shokapu), stopa za mpira na vifuniko vya vumbi. Hapo nasisitiza kabisa. Vumbi letu hung'ang'ania kwenye fimbo ya shokapu, likala sili, oili ikaanza kuvuja. Shokapu mpya yenye kifuniko kilichochanika ni hela iliyotupwa.

La tatu, mtumba wa Japani, kwa aliyebanwa kweli. Bonyeza fimbo hadi chini: ya gesi lazima ipande yenyewe. Ikibaki chini, au fimbo ikiwa na mikwaruzo, irudishe.

Mpya zisizo na jina ziko chini ya hapo. Za kutobolewa, kujazwa oili na kuchomelewa usiweke kabisa. Breki zako zinategemea tairi kushika barabara. Na ukisikia madereva wa safari wakisifia shokapu za Old Man Emu, wanaongelea Land Cruiser iliyobeba watalii na mizigo.

Nunua jozi, kulia na kushoto pamoja.

Za nyuma, kama zimesimama peke yake bila springi, unaweza kuzifunga nyumbani. Weka gari kwenye stendi imara, usilale chini ya jeki. Kabla ya kufunga, simamisha shokapu wima uibonyeze na kuiachia mara kadhaa kutoa hewa. Fimbo usiishike kwa plaizi. Nati za bushi zikaze mwisho, gari likiwa limekaa kwa uzito wake kwenye tairi, la sivyo bushi zitachanika mapema.

Za mbele zimebanwa na springi yenye nguvu ya kuua. Fungua mguu mzima, yaani shokapu pamoja na springi yake, upeleke gereji yenye kibano cha springi, urudi kuufunga mwenyewe. Kisha nenda kapige alaimenti kabla tairi hazijaanza kuliwa upya.